Mihogo kwenye Mfuko wa Ndege

Kisa hiki nimekificha hata kwa dada yangu, na leo nakitoa kwa sababu nasikia wengine wanakisimulia kwa kukiongezea, wakati chenyewe kilivyo kinatosha kuniaibisha.

Nilitoka pwani, kwenye mashamba ya chumvi, ambako misimu mitatu nilikuwa mtega nyavu wa Mama Rehema, mtaalamu wa ndege. Tunawanasa, tunawavisha pete ndogo yenye namba mguuni, tunawaachia, ili wakinaswa kwingine ijulikane wanakwenda wapi na kama bado wapo wengi. Tukapanda basi la alfajiri hadi Dar, lingine hadi Mikumi, tukalala, kesho yake gari la mizigo likatutikisa hadi Kilosa, na njia nzima muongeaji ni mimi, maana huko ndiko nilikozaliwa, baba alikuwa mtu wa reli, na ni mimi niliyemshawishi mama wa watu kwamba bwawa la nyuma ya mashamba ya mpunga lina ndege kama wale wa pwani.

Wenyeji hawakututaka. Walisema ndege akishaingia wavuni haponi. Mzee Mbaruku, aliyefanya kazi na baba, akaamua wazee waje wajionee: ndege akiruka mzima tunabaki, asiporuka tunafungasha.

Siku hiyo nilichemsha mihogo, na kwa kuwa sikuwa na cha kufungia (nailoni siku hizi ni kesi) nikaitia kwenye mfuko mmoja wa kitambaa, kati ya ile tunayowekea ndege. Kosa lenyewe ndilo hilo, dogo hivyo tu. Saa mbili nikamnasua chamchanga, ndege mdogo wa ufukweni, na mguuni tayari ana pete, pete yetu ya pwani. Mama Rehema alishika mdomo, maana miaka yote hatujawahi kumpata hata mmoja wa kwetu mbali na pwani. Nikamtia ndege kwenye mfuko wake wa kitambaa, mkono wa pili nimeshika mfuko wa mihogo, kimebaki kipande kimoja, na wazee hao wakatokea.

Sasa mzee aliyemjua baba yako humpi shikamoo huku mikono yote imebeba vitu. Nikatundika mfuko mmoja kwenye kamba tunayotundikia ndege, mwingine nikautumbukiza kwenye begi langu, nikaenda kuinama mbele ya kila mmoja. Viti havikutosha, nikakaa juu ya begi, miguuni pa Mzee Mbaruku, naye akanisimulia baba alivyokuwa akipuliza filimbi stesheni, machozi yakanilenga, nikakaa sana.

Mama Rehema akawaeleza kwamba ndege huyu katoka pwani, ana pete, na anaishi. Akaniita. Nikautoa mfuko kambani, nikaingiza mkono polepole kama nilivyofundishwa, nikatoa kipande cha muhogo.

“Kweli katoka mbali,” mzee mmoja akasema, “manyoya yote yameishia njiani.”

Wakacheka, na mimi nikacheka (nifanyeje), mpaka macho yangu yalipotua kwenye begi.

Nilipomtoa, hakuna aliyecheka tena. Shingo ilikuwa imelegea. Mama Rehema akampokea, akasoma namba, akafungua daftari la zamani la pwani, akaniwekea kidole kwenye mstari. Mwandiko ulikuwa wangu. Pete ile nilimvisha mimi.

Mzee Mbaruku akasimama, akakung'uta kanzu.

“Mwanangu, baba yako alikuwa hapulizi filimbi mpaka ahakikishe hakuna mtu relini. Wewe hukutazama hata unapokaa.” Kisha akamgeukia Mama Rehema. “Fungasheni.”

Mchana huo huo tuliondoka. Tuliachana na Mama Rehema stendi ya Mikumi, yeye anarudi pwani na mimi naelekea nisikokujua.

“Ungeniomba cha kufungia mihogo,” akasema, “ningekupa.”

Kilosa sijarudi, na sidhani kama nitarudi. Nimeshapanda mabasi mengi tangu hapo, na hata nikose kiti, nikasimama safari nzima, begi langu silikalii. Nalikumbatia.