Nyungu Moja, Sahani Moja

Juma lililopita, kwenye disipanseri moja ya huku Masisi, mbele yangu alikaa mama mnene wa Karuba. Magoti yamemshinda, kilima cha shamba lake sasa anakipanda akipumzika mara nne. Muganga alimwambia apunguze kilo, akafungua kitabu chake cha Kifaransa cha kupimia nguvu ya chakula.

"Jana ulipika nini, Mama?"

"Maharagi na mawese, Papa. Nyungu ya hivi." Akakunja mikono kama anayebeba mbuzi.

Muganga akaandika, akajumlisha, akalamba ncha ya kalamu. "Sasa tugawanye. Muko batu ngapi?"

Mama akaziba mdomo kwa kiganja. Kwao watoto hawahesabiwi, asije akapungua mmoja.

"Basi sahani, iko ngapi?"

"Moja."

Muganga akagawanya kwa moja. Akatazama karatasi, akamtazama mama. "Weye peke yako unamaliza ile nyungu yote?"

"Mimi? Tunakulaka sisi wote mu ile sahani! Mimi njo wa mwisho, nakombaka tu."

Muganga akafuta, akakuna kichwa. "Basi punguza nusu."

"Nusu ya nani, Papa?"

Muganga akafunga kitabu, na sisi wa foleni tukaangalia chini.

Jioni nilikaa na ndugu zangu kuzunguka sahani yetu, nikatafuta sehemu yangu inaanzia wapi na inaishia wapi. Sikuiona. Nilipoinua kichwa, wenzangu walikuwa wamekwisha kumaliza. Labda dawa yenyewe ndiyo hiyo.