Kazi ya Kufanyia Nyumbani

Mpishi ndilo jina alilobaki nalo hata baada ya shule kufungwa. Kwa miaka kumi na tisa alikoroga masufuria ya bweni yaliyomfika kiunoni, na siku geti lilipotiwa kufuli hakuna aliyekumbuka kumtafutia jina jingine. Alirudi kwenye vyumba vyake viwili na mjukuu wake wa miaka mitatu, mtoto wa binti yake wa pekee aliyekuwa akifanya kazi za ndani mji wa mbali. Mtoto huyo walimwita Kasuku. Akiamka anaongea, akila anaongea, akifokewa anauliza kama umemaliza.

Mpishi aliomba kazi kila mahali. Mkahawani walitaka mtu wa kuingia alfajiri na kutoka jioni, na kwenye kiwanda cha mikate vivyo hivyo. Sasa Kasuku amwachie nani? Alikuwa ameshakata tamaa siku Bosi alipobisha hodi.

Bosi alikuwa rafiki yake tangu darasa la tatu. Jina hilo alilipata kwa kupenda kutuma wenzake, miaka mingi kabla hajawa na chochote cha kusimamia. Mumewe, fundi umeme wa magari, alifariki mwaka uliotangulia akamwachia karakana, naye akaanzisha biashara yake mwenyewe. Alinunua betri chakavu za magari, zikapasuliwa, akauza madini ya risasi yaliyomo kwa watu wa kuyeyusha.

"Nataka mtu ninayemwamini," alisema kabla hata hajaketi. "Kupasua na kumwaga maji makali kutafanyika kule karakana. Wewe nitakuletea zile sahani za risasi zinazotoka ndani ya betri. Unazigonga, unakung'uta unga, unatia kwenye mifuko. Hapahapa kwako, saa unayotaka mwenyewe."

"Na mtoto akilia?"

"Mbembeleze kwanza. Mimi si mwalimu mkuu, sitakupigia kengele."

Mpishi alicheka, na hakuwa amecheka siku nyingi. "Utanituma mpaka lini wewe?"

"Mpaka nikuzike," Bosi alisema, wakacheka wote wawili.

Kazi ilianza Jumatatu. Alitandika gunia kwenye kibaraza cha nyuma, akajifunga kitambaa kichwani, akavaa glovu nyekundu za mpira alizoletewa. Mtoto alipocheza aligonga, mtoto alipolala alipumzika, na siku ya kufua aliacha kabisa. Majirani wakimuuliza siku hizi anafanya nini, alikuwa na jibu. Kasuku alikaa kando yake na kopo la maziwa tupu, akichota ule unga wa kijivu, akiukanda kwa maji na kujipikia.

"Bibi, uji umeiva. Onja."

Mpishi alijifanya anaonja. Mtoto naye alionja, kisha akalamba vidole.

Mwezi wa tatu wa kazi hiyo tumbo lilianza kumsumbua Kasuku. Zahanati walisema minyoo, wakampa dawa. Akawa hataki kula, choo kigumu kama jiwe, analia bila kusema kinachomuuma. Kilio nacho kikakoma. Siku moja Mpishi aliinua kichwa kutoka kwenye gunia lake akagundua kwamba tangu asubuhi hakuwa ameulizwa swali hata moja. Akajiambia mtoto anakua, anaanza kutulia.

Jumanne moja kabla ya adhuhuri alisikia kopo likigonga sakafu, kakaka, bila kupumzika. Alipogeuka akaona ni kisigino cha mtoto kinacholipiga. Macho yalikuwa yamepinduka na meno yameumana. Jirani yake mshonaji alitoka mbio kusimamisha gari, na Mpishi akaingia hospitali amembeba mtoto, glovu zingali mikononi.

Daktari, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, alizitazama zile glovu kabla hajamtazama yeye.

"Mama, nyumbani mnafanya kazi gani?"

Alieleza. Daktari akaagiza damu ipimwe, na majibu yalipotoka akafunga mlango.

"Unga ule ni sumu. Mtu mzima unamla polepole. Mtoto unampanda kwenye ubongo."

"Lakini nilikuwa navaa glovu."

"Mtoto je?"



Bosi alifika siku ya tatu na chupa ya chai. Walisimama kwenye korido ya wodi. Aliposikia habari ya sumu alijishika kiuno, akatazama ukutani.

"Sikudhani," alisema. "Marehemu mume wangu alikuwa anayeyusha risasi ya betri, anavuta ule moshi. Wewe ulikuwa unagonga tu."

Mpishi alimgeukia taratibu. "Marehemu alikufa na nini?"

"Alikuwa anatetemeka mikono. Mwishoni alisahau hata jina langu."

"Daktari wake alisema ni nini?"

"Alisema aache betri."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua kidogo. Nilidhani ni kwa wanaoyeyusha. Wallahi, nilitaka kukusaidia."

Mpishi alimrudishia chupa yake, akaingia wodini. Hakumpigia kelele. Hakuwa na nguvu hiyo, na sehemu yake moja ilimwamini, ndiyo iliyomuuma zaidi.

Binti yake aliacha kazi akaja. Mtoto alipotolewa hospitali, akapanga chumba mtaa mwingine, akamchukua. Hakugombana na mama yake. Alimwambia tu, "Njoo umwone kila siku, ila usije na zile nguo." Mpishi alikuwa ameshazichoma.

Wiki hiyohiyo alikwenda karakana. Wanawake watatu wapya walikuwa wamekaa chini, wakigonga zile sahani. Akawasimulia yote, na Bosi akasimama mlangoni akasikiliza bila kumkatiza. Mmoja aliweka nyundo chini akaenda zake. Wengine wawili waliuliza kama ni sumu hata kwa asiye na mtoto mdogo. Akawaambia ndiyo. Walitazamana, wakainama, wakaendelea kugonga.

Sasa Kasuku ana miaka mitano. Anaburuta mguu wa kushoto na maneno yake hayazidi kumi. Kila asubuhi Mpishi huenda kwa miguu mpaka kwa binti yake, humlisha mjukuu wake kwa kijiko na kumtajia vitu: mlango, kikombe, bibi. Kuna siku mtoto hurudia neno moja. Siku nyingi humtazama tu, uji ukimtiririka kidevuni, na Mpishi huupangusa kwa kitambaa, akaanza tena na mlango.