Gauni la Mwalimu na Laini ya Simu

Mke wangu walimwita Mama Upande. Si kwa ubaya. Alishonea watu ambao miili yao imeegemea upande mmoja: bega moja juu, nyonga moja nje, mkono mmoja mfupi. Mafundi wengine waliwapima watu hao wakiguna. Yeye aliwaambia, "Simama ulivyo. Mimi sishonei sanamu." Wakicheka, mwili unalegea, ndipo anapima.

Mimi nilikuwa mpiga pasi wake. Chumba kimoja, dirisha moja. Cherehani ilikaa penye mwanga, meza yangu ukutani. Tulifanya kazi hivyo mpaka nywele zikageuka. Hatukuwa watu wa maneno. Akitaka pasi aligonga mkasi mezani, basi.

Uzeeni akapenda simu. Si ya kuongea, ya michoro. Humo ndani kuna duka linalouza michoro ya kukatia nguo: magauni, makoti, kola za kila namna. Ukilipa kila mwezi unafunguliwa yote. Kadi ya benki hatukuwa nayo. Yeye anabonyeza, kampuni ya simu inalipa, mwisho wa mwezi inatuletea kwenye bili. Laini ilikuwa kwa jina langu, maana siku ya kuiandikisha kitambulisho chake kilikuwa kimepotea. Akawa anatamba kwa wateja: "Mume wangu huyu hata kusoma hajui, lakini ananisomesha." Watu wanacheka. Nami nacheka. Ilikuwa kweli.

Mchoro aliutazama kwenye kioo, akaupanua kwa vidole, kisha akachukua chaki na kuchora moja kwa moja kwenye kitambaa.

Alifariki gauni la Mwalimu likiwa mezani. Mwalimu ni mteja wake wa siku nyingi, bega lake la kushoto limepanda. Anastaafu. Jumamosi shule inamuaga, naye lazima asimame mbele ya watu. Kitambaa alikileta mwenyewe, cha zambarau. Mbele na nyuma vilikuwa vimekatwa. Mikono na kola bado.

Matanga yalipokwisha binti yetu akasema laini ifungwe. Naye hakusema kwa ubaya. Bili inakuja na mtumiaji hayupo. "Baba, unalipia duka ambalo hata mlango wake huujui." Nikamwambia ngoja. Akasema ombi ameshapeleka, Ijumaa mwezi unakwisha na laini inakwisha nayo, isipokuwa mimi mwenye jina nikikataa. Nikamfokea asiiguse simu ya mama yake.

Tangu hapo sikutulia. Nilipiga pasi mashuka. Nikayapiga tena. Nikatoka mpaka kona, nikarudi, sikumbuki nilifuata nini. Kukaa kulinichoma. Simu yake niliichomeka kwenye chaji nikawa nakigusagusa kioo kisizime, kama mtu anayechungulia mgonjwa. Laini ikifungwa, duka linafungwa. Duka likifungwa, gauni linabaki bila mikono, na kazi yake ya mwisho inakuwa kazi iliyoharibika. Hilo ndilo lililonitembeza.

Nikaenda na simu na gauni lile chumba cha pili, kwa Fundi Vifungo. Huyo anashona mashati, na mdomo wake hauna pindo. Nilimwomba amalizie gauni. Alikubali kabla sijafika mwisho. Akasema marehemu alimwambia miaka yote kwamba kola zake zinafanana na masikio ya mbuzi, sasa amemwachia kola makusudi, apate kumcheka vizuri huko aliko.

Akafungua michoro. Alitafuta, akalipata gauni lenyewe, kola ile ile, mikono ile ile. Akalaza kitambaa kilichokatwa kando ya simu. Akatazama huku, akatazama huku. Akaweka chaki chini.

"Mzee," akasema, "hii ya kwenye simu ni ya mtu aliyenyooka."

"Na ya Mwalimu?"

"Haimo. Mkeo alikuwa nayo kichwani."

Nikaitia simu mfukoni. Nikaitoa. Sikujua niiweke wapi.

Tukamwita Mwalimu aje apimwe kwenye chumba chetu cha kazi. Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Vifungo alimzungushia futi kamba begani, ikateleza. Akaanza tena, jasho linamtoka, utani umemwisha. Mwalimu amefundisha watoto maisha yake yote, anamjua mtu asiyejua jibu. Hakumuaibisha. Alisema anakuja, akaenda kwake, akarudi na gauni la buluu. Mke wangu alimshonea zamani, na ndilo alilovaa kila shule ilipofunguliwa. Akaliweka mezani kwangu, si kwa Vifungo.

"Shemeji, lifumueni. Bega langu limo humo, mtalikuta."

Nikamwambia hilo ndilo analolipenda.

"Nalipenda kwa sababu linanikaa. Fumua tu."

Vifungo akashika wembe. Nikamwambia lete hapa. Mshono ule nilikuwa nimeupigia pasi mimi, na kama ni kufumuliwa, nifumue mimi. Begani mke wangu alishona akarudia juu yake, uzi umekaza kama mzizi. Nilikata mmoja mmoja. Mwalimu aligeuka akatazama dirishani.

Binti yetu akaingia. Alikuwa amenitafuta nyumbani akanikosa, na leo ndiyo leo, anataka jibu la laini. Aliponiona na wembe na nyuzi za mama yake zimejaa mapajani mwangu, akauacha mlango wazi nyuma yake. Alijikalisha kwenye kiti cha cherehani. Kisha akatambua amekaa wapi, akataka kuinuka.

"Kaa," nikamwambia. "Na laini ifungwe."

Aliniuliza kama nina hakika, maana juzi nilikuwa mkali. Nikasema michoro ya humo ni ya watu walionyooka. Hakuelewa. Vifungo akamweleza kwa kirefu, na chumvi yake juu, mpaka kola za masikio ya mbuzi zikaingia, na binti yetu akacheka huku anapangusa macho.

Mkono wa kushoto ukatoka. Ulikuwa umejikunja kwa kuvaliwa miaka mingi. Nikaurushia maji, nikaweka pasi, ukalala taratibu. Juu ulikuwa mpana upande wa nyuma, umepinda mahali ambapo mkono mwingine haupindi. Vifungo akaulaza juu ya zambarau akaufuata kwa chaki pembezoni, polepole, ulimi nje kama mtoto anayeandika.

Akauliza hili la buluu tutalirudishia lini. Nikamwambia tumalize la kesho kwanza. Nikachukua wembe, nikaanza kufumua kola yake.