Shangazi na mistari myekundu

Shangazi yangu alikuwa anafua mashuka hotelini, chumba cha chini, kule ambako mvuke unakufanya ujione kiazi. Alitaka kupanda juu, mapokezi. Sharti lilikuwa moja tu: Kiingereza. Hoteli ikaweka programu kwenye kompyuta ya stoo. Unaandika, ukikosea inachora mstari mwekundu na kukueleza kosa. Mwisho wa mwezi meneja anasoma, anachagua mtu.

Wiki ya kwanza ukurasa wake ulikuwa kama pamechinjwa kuku. Akaanza kuichokonoa ile programu, maana shangazi hata redio mbovu haiachi mpaka ajue inaumwa nini. Anatoa neno, anatazama. Anakata sentensi, anatazama. Akagundua kwamba ukiandika kifupi, mashine inanyamaza. Basi akawa anaandika Kiingereza cha "chumba ni safi, mgeni ana furaha, taulo ni nyeupe." Nyekundu ikaisha kabisa.

"Profesa, umemaliza chuo," mpiga pasi mwenzake akamtania.

"Nimemaliza, ila sijui nimesema nini."

Na hapo ndipo wengi mnapobugi. Mashine inakamata kosa ulilothubutu kufanya. Ulilolikwepa haina habari nalo.

Meneja akaja, akasoma, akapiga miayo. "Mama, hujakosea popote. Sasa mgeni akija na shida zake, utamwambia taulo ni nyeupe?"

Shangazi akavuta kiti, akaandika kisa cha mgeni aliyesahau meno ya bandia ndani ya foronya. Yakaingia kwenye mashine ya kufulia, ikawa inagongagonga kama inatafuna mifupa. Sentensi ndefu, moja imeibeba nyingine mgongoni. Skrini ikawaka nyekundu juu mpaka chini. Meneja kasimama nyuma yake, anafuata kila mstari, simu yake inaita na wala haigusi.

"Huyo mgeni alisema nini?" akauliza kwa Kiingereza.

Shangazi akamjibu kwa Kiingereza hichohicho cha kuungaunga: bila meno angesema nini?

Meneja alicheka mpaka akakalia kapu la nguo chafu.

Sasa shangazi yuko mapokezi, zamu ya asubuhi, kwa majaribio. Juzi nilimpitia. Anakosea karibu kila sentensi. Mgeni mmoja alikuwa ameshapewa ufunguo, mizigo imeshapelekwa, lakini haondoki. Kaegemea kaunta, anamsikiliza.