Mama Mkubwa Ameanguka

Mama Mkubwa wa Bi Mwanatumu ni mwamba. Naanza na hilo kwa sababu hapa Majengo kuna jirani ambaye hajalielewa mpaka leo.

Bi Mwanatumu ni mjane, mlango wa pili kutoka kwangu. Hupika mkate wa sinia, makaa juu na makaa chini, na wanaokwenda mjini kwa miguu hununua vipande asubuhi wakipita. Kwao ni kijiji kidogo cha Pwani. Mbele ya kijiji hicho, ndani ya maji, ulisimama mwamba mrefu wenye tundu chini. Wenyeji wanauita Mama Mkubwa, kama mtu anavyomwita dada ya mamake. Aliyeko baharini humtafuta yeye kwa macho ajue nyumbani ni wapi. Msichana akiposwa, hupelekwa maji yakitoka, akasimama kivulini mwake na kutaja jina lake na la mume. Maji yakipita tunduni hutoa sauti. Hapo ameagwa, anaweza kwenda.

"Hatumwombi kitu," Bi Mwanatumu aliniambia aliponiona nimekunja uso. "Tunamuaga tu. Wewe ungeondoka kwenu bila kumuaga mama mkubwa?"

Nilisema nisingeweza. Nilikuwa na sababu ya kukubali upesi: mwanangu Mahad alikuwa amemposa bintiye, Anisa. Mahad si kijana mdogo tena, na wachumba wawili walishamkimbia. Huyu Anisa amemwona akila na bado anamtaka. Tangu posa ipokewe nilikuwa nikingoja kitu kiharibike.

Kikaharibika Jumanne. Tulikuwa tukichambua mchele nyumbani kwa Bi Mwanatumu, simu yake ikalia. Alisikiliza, akaiweka chini polepole.

"Mama Mkubwa ameanguka. Mawimbi ya jana. Amelala kifudifudi."

"Na harusi?" nikauliza. Najua haikuwa saa ya kuuliza, lakini niliuliza.

"Harusi gani? Mamangu aliagwa, mimi niliagwa. Anisa atoke kama mtu asiye na kwao?"

Nilimwendea Mahad. "Mathe, hiyo ni mawe tu," akasema.

"Nenda ukamwambie mama mkwe wako."

Hakwenda.

Kuta zetu ni za mabati, na habari haikai ndani. Jioni akaingia Nasambu, anayeuza mboga pale kona, kwao Bungoma. Alibeba sukari na majani chai, na kilemba amekifunga cha matanga.

"Pole, Mama Anisa. Alikuwa mzee?"

"Sana. Babu ya babu yangu alimkuta."

Nasambu akanitazama. Mimi nikatazama mchele.

"Ameacha watoto?"

"Kijiji kizima."

"Mungu wangu. Na mnazika lini?"

"Hazikwi. Yuko palepale. Bahari ikijaa inamfunika."

Nasambu akaketi. "Mmemwacha majini?"

"Nani atambeba?"

"Ni mnene hivyo?"

"Mnene."

Ningeweza kumweleza. Lakini Bi Mwanatumu alikuwa analia, na Nasambu alikuwa amemshika mkono vizuri sana. Niliogopa akijua atauachilia.

"Sasa Anisa hawezi kuolewa," Bi Mwanatumu akasema. "Hakuna wa kumuaga."

"Wacha!" Nasambu akasema. "Kwetu mama mkubwa akienda, mama mdogo anasimama mahali pake. Kwani marehemu hakuwa na mdogo wake?"

Bi Mwanatumu akafuta pua kwa ncha ya leso. "Yupo," akasema. "Kando yake. Mfupi. Hatujawahi hata kumpa jina. Wanawake humkalia wakiparua samaki."

"Wanamkalia?"

"Tangu zamani."

"Basi huyo dada ameteseka vya kutosha," Nasambu akasema. "Mpeni heshima yake." Akaenda kwake akarudi na leso mpya. "Mpelekeeni hii. Mwambieni ni ya rambirambi."

Wiki iliyofuata tuliteremka Pwani: Bi Mwanatumu, Anisa, Mahad na mimi. Mama Mkubwa alikuwa amelala kama walivyosema, kaa wakimpanda mgongoni. Mama Mdogo alikuwa ameshasuguliwa magamba ya samaki, lakini harufu ilibaki. Bi Mwanatumu alimtandika leso ya Nasambu. Kivuli chake kilikuwa kidogo, ikabidi Anisa achuchumae ili aenee. Mawe yalikuwa yanateleza. Nilimshika Anisa kiwiko, Mahad akanishika mimi.

Anisa akataja majina. Tukangoja. Wimbi likaja, likapita pembeni bila neno. Bi Mwanatumu alikuwa anatazama maji tu. Likaja la pili, nalo likapita. Mahad akafungua mdomo, nikamfinya.

La tatu likaingia chini ya jiwe, tukasikia sauti ndogo, kama mtu anayemeza chai ya moto.

"Ndiye?" nikauliza.

Bi Mwanatumu alishusha pumzi. "Ndiye. Bado mgeni kazini."

Akamwinua Anisa, akampangusa mchanga magotini, akaukabidhi mkono wake kwa Mahad.

Tuliporudi, Nasambu alikuwa anatungoja pale kona.

"Mama Mdogo alishukuru?"

"Alishukuru," nikasema.

"Na leso, ilimtosha?"

"Ilifika mabegani tu."

Nasambu akatikisa kichwa. "Nilijua. Hao ni watu wa miili."