Siku Sita Morogoro kwa Mke Mwenzangu

Nilikwenda Morogoro kwa sababu mke mwenzangu aliniita. Tulikuwa wake wawili wa mume mmoja, marehemu Shabani, dereva wa malori, aliyekuwa na nyumba Morogoro na nyumba nyingine Dodoma. Mimi ndiye mke mdogo, wa Dodoma. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu afariki, na katika miaka hiyo yote Bi Mkubwa hakunipigia simu hata mara moja. Halafu Jumapili moja akanitumia ujumbe wa sauti: "Mama Yusufu, njoo nikutembeze Morogoro. Nataka tupande mlima mimi na wewe. Njoo peke yako."

Mwanangu Yusufu aliusikiliza mara mbili. "Mama, hapo pana jambo," akasema. "Mtu hajakutafuta miaka miwili, leo anataka mkapande mlima?"

Na jambo lilikuwepo, ila nililijua mimi peke yangu. Shabani alifia hospitali, Dodoma, kabla ya alfajiri. Nilikaa na simu mkononi mpaka saa tano asubuhi ndipo nikampigia Bi Mkubwa. Niliogopa kwamba akijua mapema atataka marehemu apelekwe kwao Morogoro, nami nilitaka kaburi lake liwe karibu yangu. Bi Mkubwa alifika magharibi, kaburi limeshafukiwa. Nikamwambia simu yangu iliisha chaji. Ndugu wa mume walinisema sana, naye alikaa kimya, na kimya chake ndicho kilichonikosesha usingizi kuliko maneno yao.

Nilifunga begi, nikaenda.

Alhamisi, saa nne asubuhi. Treni ya umeme iliondoka Dodoma taratibu kisha ikashika mwendo, mibuyu na mashamba ya zabibu yakaanza kukimbia nyuma. Nilipanga maneno yangu njia nzima. Tulipoanza kuingia kwenye mahandaki ya upande wa Kilosa, dirisha likawa jeusi, nikauona uso wangu kwenye kioo, nikaacha kupanga. Tulipotoka handaki la mwisho nchi yote ilikuwa ya kijani. Baadaye kidogo Uluguru ikajitokeza, milima iliyosimama juu ya mji kama ukuta, na wingu limekaa mabegani mwake.

Bi Mkubwa alinisubiri stesheni. Ana miaka sitini na tatu, mrefu, mkavu, amevaa dera na chini yake raba nyeupe za mazoezi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekonda. Begi ndiyo hilo tu? Lete."

Alilichukua kabla sijakataa. Kwake ni Bigwa, chini kabisa ya mlima. Ukikaa uani unasikia maji yakishuka mahali usipopaona. Tulikula wali na mlenda wa kienyeji, akanieleza kwamba ana kisukari, daktari amemwambia atembee, na yeye akaona asitembee uani kama kuku, bora atembee mlimani. "Kesho tunaanza na Morningside," akasema. "Lala mapema."

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Bajaji ilitufikisha juu ya Boma, pale lami inapochoka, tukaanza kupanda kwa miguu. Tulipishana na kina mama wanaoshuka na mizigo ya mboga kichwani, wanatembea upesi kwenye mteremko huku wanaongea Kiluguru na kucheka. Kila mmoja alitusalimu. Mmoja alinitazama viatu vyangu, ndara za ngozi za kwendea harusini, akamwambia Bi Mkubwa kitu nisichokielewa, wakacheka wote wawili.

"Amesemaje?"

"Amesema mgeni wangu anakwenda kuolewa juu huko."

Mimi nilitoka jasho mpaka kope. Bi Mkubwa alitangulia bila kuhema, akinionyesha: huu mto Morogoro, hapa watu wanakuja kuogelea wikiendi, pale ni bustani za maua, kule wanalima stroberi. Ndara ya kushoto ilikatika mkanda kabla hatujafika. Niliumalizia mlima kwa kuifunga na kipande cha kanga.

Morningside ni nyumba kuukuu ya mawe waliyoijenga Wajerumani, imekaa kwenye bega la mlima, kuta zimesimama na upepo unaingia utakavyo. Kutoka pale mji wote uko miguuni pako, mabati yanang'aa, bwawa la Mindu linaonekana kama kipande cha sahani. Tulikaa kwenye nyasi tukamenya ndizi. Nikajiambia, sasa.

"Dada, siku ile ya msiba..."

"Magoti yanakuuma?" akauliza.

"Kidogo."

"Kushuka ndiko kubaya. Twende kabla jua halijakomaa."

Nikanyanyuka. Nilikuwa kama mtu aliyefika dirishani kwa daktari akaambiwa aje kesho: nimeudhika, na ndani nimefurahi.

Jumamosi. Miguu yangu ilikuwa migumu kama magogo, kwa hiyo tulikwenda mjini tu, kununua viatu. Bi Mkubwa alinipeleka kwenye duka la Bwana Karimu, Mhindi wa Morogoro wa kuzaliwa, mwenye Kiswahili kuliko mimi. Alikuwa akimjua marehemu. Lori la Shabani ndilo lililokuwa likimletea mizigo. Alinipimisha raba, akanitazama, akasita.

"Na huyu dada ni nani? Ndiye yule wa... Dodoma?"

Nilitamani sakafu inimeze. Bi Mkubwa alikuwa akibonyeza ncha ya raba kupima kidole changu. Hakuinua hata kichwa.

"Huyu ni mdogo wangu," akasema. "Tupe namba moja zaidi, hizi zinambana."

Jumapili, baada ya chai. Mpwa wake, Idi, alitupakia kwenye Noah yake tukashika barabara ya Iringa. Baada ya Mzumbe tukaacha lami, tukapita Mlali, mahali pa tambarare penye nyanya na mahindi na mitaro ya maji. Baada ya hapo gari likaanza kupanda, nami nikaanza kusoma dua. Njia imechongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja udongo mwekundu, upande wa pili hewa. Kadiri tulivyopanda ndivyo baridi ilivyozidi, na mashamba yalipangwa ngazi kwa ngazi mpaka kwenye mawingu: kabichi, karoti, njegere, viazi. Sijawahi kuona watu wanaolima mahali ambapo mimi ningeogopa kusimama.

Tulifikia Mgeta kwa Mama Theodora, mjane mwenye vyumba vya wageni, shoga wa Bi Mkubwa tangu enzi walipofanya pamoja biashara ya mboga. Alitupa maziwa ya mbuzi ya moto na blanketi mbilimbili.

"Nyie ni ndugu?" akaniuliza jikoni.

"Tulikuwa na mume mmoja."

Akakoroga chungu chake kidogo. "Na mnapanda milima pamoja," akasema. "Haya."

Jumatatu, saa moja asubuhi. Mvua ilikuwa imenyunya usiku kucha. Bi Mkubwa aliogopa ingerudi, akaharakisha kila mtu. Akameza dawa yake, akanywa mafunda mawili ya chai, akasema atakula tukifika. Idi alituacha kijiji cha Bunduki tuingie njia ya miguu kwenda maporomoko ya Hululu. Alituongoza Bonifasi, mkulima wa pale anayepeleka wageni, mtu mzima mwenye koti refu na maneno machache. Kapu la chakula lilibaki kwenye gari. Hakuna aliyelikumbuka.

Njia ilikuwa ya utelezi, lakini raba zangu zilishika. Tuliusikia mngurumo kabla hatujaona chochote, halafu miti ikaachana na maji yakawa mbele yetu: yanaanguka kutoka juu sana, meupe, yanavunjika kwenye miamba na kuwa moshi. Nililowa uso na sikujipangusa. Nilicheka peke yangu kama mtoto. Nikageuka nimwambie Bi Mkubwa atazame.

Alikuwa amekaa chini kwenye tope. Palikuwa na baridi ya kutetemesha, lakini yeye jasho lilikuwa likimchuruzika. Mikono ilimtetemeka.

"Dada, vipi?"

"Mwajuma, funga mlango, mbuzi wanaingia," akaniambia. Mwajuma ni binti yake.

Nilipiga magoti nikamshika. Macho yalinitazama bila kuniona. Nikatoa simu, mtandao hakuna. Nilimwacha Bonifasi amshikilie, nikaparamia mwamba wenye ukoka kwa mikono na magoti, na juu kabisa pakawa na mtandao kidogo. Namba ya Mwajuma nilikuwa nayo tangu msibani. Sikuwahi kuipiga. Safari hii sikukaa na simu mkononi.

"Mwajuma, ni Mama Yusufu. Mama yako anatetemeka, anatoka jasho, anaongea vitu havieleweki."

"Amekula?"

"Hajala. Amemeza dawa."

"Sukari imeshuka! Mama mdogo, mpe kitu kitamu sasa hivi. Soda, asali, sukari, chochote. Kama anameza, mnyweshe. Usimwache alale..."

Mtandao ukakatika. Nilishuka nikimpigia Bonifasi kelele kwamba tunataka sukari, naye hakuuliza swali. Alivua koti lake akamfunika Bi Mkubwa, akakimbilia nyumba iliyokuwa juu ya shamba la njegere. Nilibaki nimemkumbatia mke mwenzangu kwenye tope, mgongo wake kifuani kwangu, nikimsemesha. Nilimtajia watoto wake, nikamtajia mume wetu, nikamtajia vituo vyote vya treni ninavyovijua. Kila alipofumba macho nilimpiga mashavu. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Najua niliomba, na sikuwa naomba kwa ajili yake tu. Niliomba nisiwe mimi tena wa kupeleka habari.

Bonifasi alirudi na kikombe cha bati cha maji yenye sukari nyingi mpaka haiyeyuki, na mwenye nyumba nyuma yake na miwa. Bi Mkubwa alikunywa funda, akanywa jingine. Tukasubiri. Kidogo kidogo jasho likakauka. Akatazama koti, akatazama kikombe, akanitazama mimi.

"Mama Yusufu, mbona umenishika hivyo kama mwizi?"

Nikaanza kulia. Bonifasi na mwenye nyumba walisogea kando, wakajifanya wanatazama maji.

"Nimempigia Mwajuma," nikasema.

"Ungengoja kwanza. Utamtia mtoto presha bure."

"Sikutaka kuchelewa tena, dada. Simu ile siku ya msiba ilikuwa na chaji. Nilikaa nayo mpaka saa tano. Nilitaka azikwe Dodoma."

Maji yalinguruma. Bi Mkubwa alikuwa akitafuna muwa polepole, akatema makapi.

"Najua," akasema. "Nilijua siku ileile. Simu ikiisha chaji, ya jirani haiishi. Lakini sasa sikiliza na wewe. Shabani alinipigia mwenyewe jioni ya kuamkia siku ile. Akaniambia amelazwa, hali si nzuri, njoo. Nami nilikuwa na shughuli ya harusi ya jirani, mpishi mkuu ni mimi. Na nilikuwa na hasira naye kwa kukaa huko kwako mwezi mzima. Nikamwambia nitakuja keshokutwa."

Nilimsogezea koti mabegani.

"Basi la jioni lilikuwepo," akaendelea. "Ningepanda ningemkuta. Watu walipokusema wewe, nilinyamaza, maana wakikusema wewe hawanisemi mimi. Miaka miwili nimekuachia mzigo wa watu wawili. Ndiyo maana nikakuita. Nilitaka nikwambie Morningside, wewe ukaanza kusema habari za msiba, nikaogopa, nikakuuliza magoti."

Sijui nani alianza kucheka. Tulicheka na tope letu, tukalia, tukacheka tena, mpaka Bonifasi akaja kuuliza kama sukari imepanda kupita kiasi.

Jumatatu hiyohiyo, alasiri. Tulishuka kutoka Mgeta na Idi, kapu la chakula sasa likiwa mapajani mwa Bi Mkubwa. Kabla ya kupita Mlali alikuwa amemaliza maandazi yote. Mimi nililala njia nzima, kichwa kimeegemea dirisha, kwenye zile kona nilizozisomea dua wakati wa kwenda. Nilikuwa sijalala hivyo kwa muda mrefu. Kule Bigwa Mwajuma alitusubiri mlangoni. Alimkagua mama yake kama anayenunua ng'ombe, akamgombeza, halafu akanigeukia, akanishika mikono miwili, akasema "Asante, mama mdogo," basi.

Jumanne, saa nane mchana. Nilishuka treni Dodoma na gunia dogo la karoti na njegere. Yusufu alinipokea, na simu iko sikioni.

"Ndiyo, dada, ameshafika. Ndiyo, namwona. Amebeba karoti." Akasikiliza. "Sawa, dada. Shikamoo kwa mama."

"Unaongea na nani?"

"Na dada Mwajuma. Jana mtandao ulipokatika aliitafuta namba yangu kwa ndugu wa baba, akanipigia analia. Tukakaa kwenye simu mpaka Idi aliposema mmeonekana. Leo kanipigia tena." Akachukua gunia. "Mama, kumbe anacheka kama baba."

Kwa anayetaka kwenda Hululu, nimejifunza haya: avae viatu vyenye meno, amchukue mwenyeji wa pale, na kama ana mwenzake mwenye kisukari, chai na maandazi viliwe kabla ya kuondoka, mvua ije isije. Nimejifunza pia kwamba neno ulilolificha linaweza kuwa linasubiriwa na mtu aliyeficha lake. Sikulijua hilo nikiwa nyumbani, na nadhani nisingelijua kama nisingesafiri.

Usiku ule sikuota kitu. Asubuhi nilimpigia Bi Mkubwa, saa kumi na mbili kamili, nikamuuliza kama amekula.