Kitabu cha Tatu Ambacho Hakikufika Gikomba

Mimi ni mtu mzima mwenye watoto wakubwa, na bado nasoma riwaya za vijana za uchawi na nchi za kubuni: zile za majoka, za panga zinazowaka zenyewe, zenye ramani kwenye kurasa za mwanzo. Wanangu wananicheka. Wacha wacheke. Ramani nazipenda. Farasi wanaoongea siwataki. Na yatima anayegundulika mwishoni kuwa ni mtoto wa mfalme ananitia hasira kila mara, kwa sababu nimelelewa Makongeni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, na kule kila mtoto alikuwa na pua ya baba yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyegeuka kuwa wa mfalme.

Lakini kinachoniudhi kuliko vyote ni kitabu cha tatu. Hadithi hizi hupenda kuja kwa vitabu vitatu, na cha tatu ndicho mwandishi anachokiharibu. Majuzi, kwa muuzaji anayetandaza vitabu kando ya barabara mjini, nilipata kitabu cha tatu ambacho nilikitafuta tangu nikiwa msichana. Nilikisoma nikakimaliza, nikasema kwa sauti, peke yangu sebuleni, kwamba mwandishi huyu hajui mwisho wa hadithi yake mwenyewe. Mimi naujua. Niliusikia kwenye foleni ya maji, miaka ya tisini, kwa msichana niliyemwonea wivu kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye.

Maji yetu yalikuwa yakitoka jioni, kwenye mfereji mmoja wa bomba uliotumiwa na nyumba nyingi. Watoto ndio tulioshika foleni, na foleni yenyewe ilikuwa ya mitungi: unapanga mtungi wako, halafu unausukuma kwa mguu kila nafasi inapopatikana mbele. Palikuwa na desturi moja. Anayesimulia hadithi hasukumi mtungi. Anakaa kwenye kiukuta kando ya mfereji, anasimulia filamu aliyoiona au kitabu alichosoma, na wanaomsikiliza wanamsukumia mtungi wake mpaka unafika na kujazwa. Kwa muda mrefu aliyekaa pale ukutani nilikuwa mimi. Sikuwa mrembo wala sikuwa wa kwanza darasani, na michezo ilinishinda. Nilichokuwa nacho ni ule ukuta.

Vitabu nilivipata sokoni Gikomba. Vilikuja kwa bahati ndani ya marobota ya mitumba, vimejibanza katikati ya makoti ya watoto, na wauzaji wengi walivichana kurasa kufungia njugu. Mama alipokwenda kutununulia nguo nilimfuata nikichakura chini ya meza. Hakuna aliyewahi kupata vitabu vyote vya hadithi moja. Tulisoma kwa mpangilio wa robota. Kuna kitabu nilichokipata bila jalada, kinaanza na watu wanakimbia gizani bila kuelezwa wanamkimbia nani, na mimi nikaamini kwamba ndivyo hadithi za kule ng'ambo zinavyoanzwa. Nikakisimulia hivyo hivyo mferejini na hakuna aliyelalamika. Kumbe kilikuwa kitabu cha pili. Cha kwanza kilikuja miezi mingi baadaye, nikalazimika kurudi nyuma na kuwaeleza wenzangu kwamba yule mzee tuliyemzika zamani bado yuko hai.

Ilikuwa hadithi ya binti wa mhunzi, katika nchi ambayo baridi yake haiishi. Amebeba moto kwenye chungu, anaupeleka mlimani, na usipofika nchi nzima itaganda. Nyuma yake kuna mchawi mmoja mzee wa kike anayetaka moto huo uzimike. Theluji hatukuwa tumeiona, ila kubeba moto tulikujua vizuri. Jioni hizo hizo tulikuwa tunatumwa kwa majirani na kopo kuomba kaa la moto la kuwashia jiko, na unarudi mbio ukilifunika na mkono lisipulizwe na upepo. Watoto walimwelewa yule binti kuliko alivyoeleweka, naamini, na watoto aliokusudiwa.

Kitabu cha pili kinaishia binti akiwa katikati ya daraja, upepo umevuma, na moto umezimika. Basi. Nilipofika hapo foleni nzima ikaniuliza: halafu? Sikuwa na halafu. Nikawaambia wangoje nikipate cha tatu.

Waliyemngojea akawa mwingine. Katika nyumba inayotazamana na yetu ilihamia familia ya Ukambani, baba dereva, mama ana kibanda cha sweta za watoto huko huko Gikomba. Binti yao alikuwa rika langu. Alisikiliza foleni jioni kadhaa, halafu siku moja watoto walipokuwa wakinisumbua na lile daraja akasema kwa upole:

"Hiyo kitabu ya tatu mimi nimesoma."

Walimpisha ukutani papo hapo.

Nilimwonea wivu, na sisemi hivyo kwa kupamba. Nilionea wivu sauti yake, ambayo haikuwa kubwa, hata watoto wakalazimika kusogea. Nilionea wivu mama yake mwenye marobota. Nilionea wivu namna alivyosita mahali pabaya kabisa, akafunga upya kitambaa chake kichwani taratibu, huku sisi wote tunamtazama mikono. Mimi nilikuwa nasimulia mbio, naogopa mtu atanikatiza. Yeye alisimulia kama mtu anayemenya viazi. Na jioni moja nilitazama chini nikaona mtungi wangu uko nyuma kabisa, peke yake, kwa sababu hakuna aliyeusukuma na mimi nilikuwa nimezoea kutousukuma.

Nilimwomba kitabu. Akasema kiko kwa binamu yake huko Dandora. Nikamwomba tena, akasema binamu amemwazima mwalimu. Nyumbani nilikuwa mkali kwa kila mtu. Mama aliponituma kwa kina yule msichana kuomba kaa la moto nilikataa, nikasema heri nikaombe nyumba ya mbali, na kweli nilikwenda mbali, na kaa likanizimikia njiani.

Shule zilipokaribia kufunguliwa nilienda na mama Gikomba kutafuta sweta, na bila shaka mama akaenda moja kwa moja kwa jirani. Mama yule alitukaribisha vizuri, akanichagulia sweta isiyochuja, kisha akaniuliza kama na mimi natafuta kile kitabu cha mwenzangu.

"Kipi, mama?" nikauliza.

"Hicho cha tatu cha mambo ya moto. Kila siku ananiambia, mama, fungua robota vizuri, huenda kimo. Mimi sijakiona. Mwambie aache kunisumbua, wewe atakusikia."

Nilisimama pale na sweta mkononi na furaha ikanijaa kifua kizima. Hakuwahi kukisoma. Hapakuwa na kitabu, wala binamu, wala mwalimu wa Dandora. Yote yale, jioni zote zile, yalikuwa uongo wake tu. Njia yote ya kurudi nilipanga maneno. Nilijua jioni hiyo atamaliza hadithi, kwa sababu alikuwa ameahidi, na watoto wa mistari mingine ya nyumba walikuwa wamealikwa. Ningemwacha aanze, kisha ningesema mbele ya wote, na ukuta ungerudi kuwa wangu.

Jioni nilifika mapema. Sikukaa chini pamoja na wengine. Nilisimama mbele yake karibu na mfereji, mikono nimeikunja, mdomo nimeuvuta. Aliniona. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida, akafunga kitambaa chake, akaanza.

Binti wa mhunzi alikaa darajani mpaka vidole vikafa ganzi, akasema. Mbele ni mlima, na mlima bila moto hauna maana. Nyuma kuna nyumba moja tu inayofuka moshi, ya yule mchawi mzee aliyemwandama tangu mwanzo. Nilifungua mdomo niseme. Lakini nikajiuliza atafanya nini sasa, na nikaufunga, nikijiambia nitasema baada ya hapo. Binti akageuka, akarudi na chungu chake kitupu, akabisha hodi kwa adui. Akaomba kaa la moto.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, maana hakuna mtu wa kule ambaye angeandika hivyo. Hayo yalikuwa ya kwetu, ya kopo na jiko. Badala yake nilisikia mtu anauliza, "Halafu?" na ilikuwa sauti yangu.

"Halafu yule mzee akafungua mlango," akasema, macho yake kwangu. "Akasimama tu, mikono amekunja, mdomo amevuta. Alikuwa anaweza kufunga. Hakuna mtu angemuuliza."

Watoto wadogo walishika magoti yao. Akasema mchawi alisimama hapo muda mrefu, theluji ikiingia ndani ya nyumba yake, kisha akaenda jikoni akaleta kaa, si kwa huruma, ila kwa sababu miaka yote hiyo ya kumfukuza yule binti na yeye alitaka kuona kama mlima utawaka. Wakaenda wote wawili, mmoja amebeba chungu, mwingine ameziba upepo kwa shuka lake. Ukawaka.

Katika kitabu chenyewe, kile nilichonunua mjini, binti anagundulika kuwa wa mfalme na moto unawashwa na damu yake. Nataka msomaji ajue hivyo.

Watoto walipotawanyika na maji yao tulibaki wawili. Aliteremka ukutani, akanong'ona:

"Mama aliniambia ulikuja. Nilikuwa nangoja useme."

Nikamwambia ningesema, ila nilitaka kwanza kujua kama moto utawaka.

"Hata mimi sikuwa najua," akasema. "Mpaka nilipokuona umesimama hivyo."

Sikumpenda ghafla. Wivu wa kwanza ulikuwa wa kitabu, na kitabu mtu anaweza kukipata siku moja ndani ya robota. Huu wa sasa haukuwa na duka, na bado ninao, hata sasa nikifungua ramani ya nchi yoyote ya kubuni. Lakini giza lilikuwa linaingia na maji yalikuwa karibu kukatika. Mtungi wake ulikuwa mbele yangu, umesahaulika, maana wenzetu walikuwa wamezama kwenye mlima. Nikaweka mguu nikausukuma mpaka chini ya mfereji, nikafungua maji, kisha nikarudi kuchukua wangu.